Vitufe vya Redio Kwenye Usukani: Hitilafu Iko Wapi?

Kurasa hizi kila mwaka hujaa mashairi, vitendawili na visa vya majitu. Mwaka huu nimeomba nafasi niandike juu ya gari. Naam, gari, tena kijisehemu chake kidogo mno: vile vitufe vilivyo kwenye usukani, ambavyo dereva huvibonyeza kwa kidole gumba ili aongeze sauti ya redio, aipunguze, abadilishe stesheni au apokee simu. Mhariri aliniuliza kama kweli kuna la kusema juu ya vitufe. Lipo, na linahusu pesa na uhai pia.

Kwanza jina. Tulipolijadili chamani, wengine walitaka "vibonyezo", wengine wakasema "swichi" inatosha, na mafundi wa hapa mjini, ukienda kuwasikiliza, wao husema "batani" na mambo yakaisha. Mimi nitasema vitufe, maadamu ndilo neno tunalolitumia kwa simu na kikokotoo.

Mtu anaweza kudhani vitufe hivi ni mapambo ya matajiri. La hasha! Aliyewahi kusafiri kutoka Embu kwenda Meru anaijua barabara ile. Ukishapita Runyenjes, mito inayotoka Mlima Kenya inakukata njia mmoja baada ya mwingine, na kwa kila mto barabara huteremka, hupinda, huvuka daraja, kisha hupanda tena. Thuci ni hivyo. Nithi ndiyo zaidi: pale darajani, mnamo Julai 24, 2022, basi liliacha barabara likaporomoka mtoni, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Sisemi kwamba redio ilihusika, haikuhusika. Ninasema tu kwamba kwenye mteremko kama ule dereva hana ruhusa ya kuinama dashibodini kutafuta stesheni. Vitufe viliwekwa usukanini ili mikono ibaki ilipo na macho yabaki barabarani. Vikifa, dereva anarudia kuinama.

Sasa, mbona vinakufa kwa wingi hivi huku kwetu? Jibu la kwanza liko Japani. Magari mengi tunayoyaona hapa mjini ni ya mitumba kutoka huko: Fielder, Axio, Vitz, Note, Demio. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililopitisha miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, kwa hiyo gari hufika likiwa na nguvu zake bado. Lakini redio yake hufika ikiwa nusu kiziwi. Kule Japani masafa ya FM yalikuwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, na ni hivi majuzi tu, tangu mwaka 2014, ndipo yalipoanza kunyooshwa hadi 95. Sisi Kenya tunatumia 87.5 hadi 108. Hesabu mwenyewe: kwa redio ya zamani ya Kijapani kinachobaki cha kusikilizwa ni kipande kutoka 87.5 hadi 90, basi. Mwenye gari anatoka Mombasa na gari zuri, anafika Embu, anatafuta Wimwaro asikie habari kwa Kiembu, anaambulia mlio wa shhhh.

Hapo ana njia mbili. Ya rahisi ni kununua kijisanduku kidogo kinachochomekwa kwenye waya wa antena na kushusha masafa. Kikishusha kwa 20, stesheni ya 98 husomeka 78 na redio ya Kijapani huipokea bila ubishi. Njia ya pili, ambayo vijana huipenda, ni kung'oa redio nzima na kuweka ile yenye kioo kikubwa cha Android. Inaonyesha ramani, inacheza video, inapendeza machoni. Na aghalabu siku hiyo hiyo vitufe vya usukani hunyamaza.

Mwenye gari hulaumu usukani. Ndiyo maana nimeona niandike makala haya.

Tuifuate njia ya ujumbe tangu kidole hadi sauti. Kidole kinabonyeza kitufe. Chini ya kitufe kuna kipande cha mpira chenye doa jeusi la kaboni, kama lile la rimoti ya televisheni, ambalo hugusa bamba na kuunganisha umeme. Umeme unapita kwenye rizista ndogo. Kutoka hapo unashuka katika utepe mwembamba uliokunjwa mviringo ndani ya kikasha cha plastiki nyuma ya usukani. Kisha unaingia kwenye waya za dashibodi, na mwishowe unafika nyuma ya redio. Vituo ni vitano: kitufe, rizista, utepe, waya, redio.

Utepe huo ndio maajabu yenyewe. Usukani unazunguka, ilhali gari lenyewe halizunguki nao. Je, waya utapitaje bila kujisokota na kukatika? Wahandisi wakaukunja kama futi ya fundi cherehani ndani ya kibati chake: ukikata kona kulia unajikunja, ukikata kushoto unajikunjua. Kwa Kizungu huitwa springi ya saa, kwa sababu unafanana na ile springi bapa iliyokuwa ndani ya saa za kutiwa ufunguo. Katika Toyota nyingi, ukianzia katikati, una nafasi ya kuzunguka kama mara mbili na nusu kila upande, nao usukani hauzidi hapo. Lakini fundi akiufungua kisha akaurudisha bila kuuweka katikati, basi kona ya kwanza ya kukunja hadi mwisho inaukata. Tumeelewana? Utepe uliokuwa mzima asubuhi unaweza kufa jioni kwa sababu tu mtu alikuja kuutazama.

Tuje kwenye umeme sasa, na hapa namwomba radhi mwalimu wa fizikia kwa kuingia shambani mwake. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa shule ya sekondari mjini Cologne alipokuwa akifanya majaribio yake, na kanuni yake aliichapisha mwaka 1827. Sikupata kuona mahali kanuni hiyo inapotumika kwa ustadi kuliko ndani ya usukani. Vitufe vinne vinatumia waya mmoja tu, pamoja na waya wa kurudishia umeme, yaani ardhi. Redio inatofautishaje? Inatofautisha kama mama anavyowajua wanawe gizani kwa namna kila mmoja anavyobisha hodi. Kila kitufe kimepewa ukinzani wake. Katika Toyota nyingi, kitufe cha kusogeza stesheni mbele ni karibu omu 0, cha kuirudisha nyuma ni karibu omu 330, cha kuongeza sauti ni omu 1,000, na cha kupunguza ni kama omu 3,100. Usipobonyeza chochote, mita husoma karibu omu 100,000.

Redio nayo hutuma volti 5 kwenye waya ule kupitia rizista yake ya ndani. Tuseme rizista hiyo ni omu 1,000. Bonyeza mbele, redio inaona volti 0. Bonyeza nyuma, inaona 1.24. Ongeza sauti, 2.5. Punguza, 3.78. Ukiacha mikono, inaona karibu 5 na kutulia. Yeyote anayetilia shaka achukue kalamu ahesabu: 5 mara 330 gawanya kwa 1,330.

Ukishaielewa hesabu hiyo, hata vituko vya vitufe vinaanza kueleweka. Mathalani, mtu anabonyeza stesheni irudi nyuma, na badala yake sauti inapanda. Watu husema redio ina mashetani. Haina. Uchafu, chai iliyomwagika au kutu vimeongeza omu 670 kwenye ile 330, jumla ikawa 1,000, na redio, kwa uaminifu wake wote, ikasoma "ongeza sauti". Halikadhalika kitufe kinachofanya kazi ukikikandamiza kwa nguvu tu kinakuambia kwamba lile doa la kaboni limechakaa au limeshika uchafu. Hiyo ni kazi ya kusafisha, wala si ya kununua usukani mwingine.

Hitilafu ya utepe nayo ina dalili zake. Vitufe hufanya kazi usukani ukiwa umenyooka, kisha hukatika ukipinda kona, halafu hurudi. Honi nayo huanza kusuasua au kunyamaza, kwa sababu nayo hupita kwenye utepe uo huo. Na dalili kubwa kuliko zote ni taa nyekundu ya mfuko wa hewa kuwaka dashibodini na kukataa kuzima. Mfuko wa hewa ni ule uliofichwa katikati ya usukani, unaofumuka gari linapogonga ili uso wa dereva usikutane na usukani. Waya zake pia hupita kwenye utepe huo.

Mwaka jana mjomba wangu aliweka redio ya kioo kikubwa kwenye Fielder yake, na vitufe vyote vikazima siku iyo hiyo. Akaenda kwenye gereji moja ambayo sitaitaja. Sikuwapo, lakini alivyotusimulia mazungumzo yalikuwa hivi:

"Fundi, hizi batani za stering zimekataa kabisa."

"Hiyo ni springi imekwisha, mzee. Leta elfu kumi na mbili, kesho unachukua gari."

Hakuna aliyeshika mita. Hakuna aliyeuliza vitufe vilikufa lini. Shilingi 12,000, wenzangu! Mjomba alirudi nyumbani ameshika tama, akaanza kuhesabu ni kitu gani kitasubiri mwezi huo. Mimi nilikuwa nimemaliza mada ya umeme juma lile, nikajitia ujuvi.

"Mjomba, honi inalia?"

"Inalia."

"Na taa ya mfuko wa hewa?"

"Ukiwasha gari inawaka kidogo, halafu inazima."

"Na vitufe vilikuwa vizima kabla ya redio mpya?"

Alinitazama kwa muda. "Vilikuwa vizima."

Kweli, honi kulia hakuthibitishi kwamba utepe ni mzima kabisa, kwani ndani yake mna njia nyingi za waya na moja inaweza kukatika peke yake. Lakini ukichanganya majibu yale matatu, utepe unakuwa mshukiwa wa mwisho badala ya kuwa wa kwanza. Tukampeleka kwa fundi mwingine, mzee mmoja wa jua kali ambaye ana mita ya zamani iliyofungwa mpira wa baiskeli ili isianguke. Yeye hakuugusa usukani hata kidogo. Aliitoa redio, akachomoa soketi yake, akatafuta waya tatu: mbili za vitufe na moja ya ardhi. Akaniambia, "Kijana, wewe kaa hapo ubonyeze, mimi nisome."

Nikabonyeza mbele. "Sifuri."

Nyuma. "Mia tatu thelathini na moja."

Ongeza. "Elfu moja na kitu."

Punguza. "Elfu tatu mia moja."

Kisha akaniamuru niukunje usukani hadi mwisho kulia, tukarudia yote, halafu hadi mwisho kushoto, tukarudia tena. Namba hazikutikisika. Mzee akacheka. "Stering iko sawa kama jiwe. Mgonjwa ni huyu," akaigonga redio kwa kidole.

Naomba mtue hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ilipo siri ya kazi yote. Njia ina vituo vitano, na fundi alipima mahali pamoja tu, nyuma ya redio. Kwa kipimo hicho kimoja alisafisha jina la kitufe, rizista, utepe na waya kwa mpigo. Lau namba zingekuwa mbovu, angejua kwamba redio haina kosa, na hapo ndipo angekuwa na sababu ya kusogea nyuma kuelekea usukani, hatua kwa hatua. Yule wa kwanza alitaka kuanza mwisho wa njia, palipo na gharama kubwa na hatari kubwa. Ni kama daktari kumpasua mtu kabla ya kumpima joto. Angalizo dogo: mita ya omu hudanganya ikiwa kuna umeme kwenye waya, ndiyo sababu soketi lazima ichomolewe kwanza.

Tatizo lilikuwa nini basi? Aliyeifunga redio alikuwa ameunganisha zile waya mbili za vitufe kwenye waya za redio zilizoandikwa KEY1 na KEY2, hapo alifanya vyema. Ile ya tatu, ya ardhi, alikuwa ameizungushia selotepu nyeusi akaiacha ikining'inia. Bila ardhi umeme hauna pa kurudi, na redio iliona volti 5 kila wakati, kana kwamba hakuna anayebonyeza. Mzee akaumenya waya, akauunganisha na ardhi ya redio, akaufunga vizuri.

Bado vitufe havikufanya kazi, na hapa watu wengi hukata tamaa. Redio ngeni haijui kwamba omu 330 za Toyota maana yake ni "nyuma". Lazima ifundishwe. Kwenye mipangilio yake kuna ukurasa wa usukani: unashikilia kitufe usukanini, unagusa picha ya kazi unayoitaka kwenye kioo, unaachilia, unaenda kwa kingine, mwishowe unahifadhi. Dakika tano. Mjomba alilipa shilingi 1,000 na soda mbili, moja ikiwa yangu.

Lakini vipi ikiwa namba ni mbovu na usukani sharti ufunguliwe? Hapo mimi mwanafunzi nakaa kando, na ninawasihi nanyi mkae kando. Ule mfuko wa hewa hufumuliwa na kemikali inayolipuka, kwa muda usiofika sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Aliyeinama juu yake na bisibisi hatapata nafasi hata ya kusema "Mungu wangu". Fundi anayejua kazi huchomoa kwanza waya hasi wa betri, kisha husubiri. Toyota huagiza angalau sekunde 90, kwa sababu mtambo ule huweka akiba ya umeme hata betri ikishatolewa. Soketi za mfuko huo kwa kawaida ni za rangi ya manjano, na hazipimwi kwa mita ya omu kamwe, kwani mita yenyewe hutoa umeme kidogo ili ipime, na kidogo hicho chaweza kutosha. Mkiona fundi anavuta kifuniko cha usukani na betri ingali imeunganishwa, mwombeni kwa heshima asimame. Akikasirika, chukueni gari lenu muende.

Utepe mpya ukifungwa, muulize fundi ameuweka katikati kwa njia gani. Jibu zuri ni kwamba aliuzungusha kwa upole upande mmoja hadi ukagoma, kisha akaurudisha mizunguko inayotakiwa hadi alama zikakutana, huku magurudumu ya mbele yakiwa yamenyooka. Jibu baya ni "usijali".

Magari mapya zaidi yamebadilisha mambo kidogo. Mengine yana kompyuta ndogo ndani ya usukani, inayosoma vitufe na kutuma habari kwa waya za mtandao wa gari, kwa namba badala ya volti. Huko mita haisaidii sana, inatakiwa mashine ya kusoma kompyuta ya gari, na redio ngeni huhitaji kijisanduku cha kutafsiri kati yake na gari. Wenye Probox, nyie mnaobeba muguka kutoka Mbeere alfajiri, wengi wenu hamna vitufe hivyo kabisa, kwa hiyo hamna la kuharibika.

Kwa atakayetaka kuyaona haya bila kuligusa gari la mtu, inatosha kuomba ruhusa ya maabara ya fizikia. Chukua betri tatu kavu za volti 1.5 uziunganishe mfululizo, jumla 4.5. Weka rizista ya omu 1,000 kuwa ya redio. Kisha panga swichi nne sambamba: ya kwanza bila rizista, ya pili na omu 330, ya tatu na 1,000, ya nne na 3,300. Pima volti kati ya rizista ya redio na ardhi. Ukibonyeza ya pili utasoma kama 1.1, ya tatu 2.25, ya nne karibu 3.45. Halafu bonyeza ya pili na ya tatu kwa pamoja, hesabu kwanza kwa kalamu kabla ya kutazama mita, uone kama mtaafikiana.